Namba Inapoulizwa Jina

Mama Bernadeta alishuka kutoka Mlali Jumatatu asubuhi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakataa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zuhura, yule hapumziki. Kila nikilala ananijia, anasema anaitwa. Sisi nyumbani hatujamtamka. Ninyi je?"

Yule ni Anselmi, mwanawe, fundi mwenzangu, aliyekufa kwa malaria mwezi mmoja nyuma. Katika ukoo wao, tangu maziko mpaka siku mpwa anapolirithi jina, jina la marehemu halitamkwi. Kurithi kulipangwa Jumamosi ya wiki ile. Ofisini tuliheshimu, hata mimi niliyetoka Kondoa.

"Hatujamtamka, mama," nikasema. Nilijua nadanganya kabla sijafunga mdomo.

Ilikuwa mwaka 2001. Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu, kuanzia mitumba hadi intaneti, na ofisi yetu hapa Morogoro, iliyouza hiyo intaneti, ilikuwa na namba kumi na sita tu za mtandao, tulizopewa na kampuni moja ya Dar. Barua pepe ya mteja wetu ikifika ng'ambo, mashine ya huko huitazama namba iliyoileta na kuuliza: wewe nani? Jibu lilikuwa limeandikwa Dar, kwa ombi la Anselmi mwenyewe na maringo yake: anselmi. Mamia ya mara kwa siku, huko duniani, mtu tuliyekatazwa kumwita alikuwa anaitwa.

Nikampigia Rogers, fundi wa Dar. Nikaomba watukabidhi daftari la kugeuza namba zetu kuwa majina, tuliandike wenyewe.

"Dada, namba kumi na sita? Daftari letu halikatwi chini ya namba mia mbili hamsini na sita."

"Linakatwa. Kwenye kila namba weka kielekezo kinachosema, kaulize Morogoro. Ni kumi na sita tu, Rogers, vidole havitavunjika."

Akacheka. "Si uniambie tu jina gani nibadilishe? Dakika moja."

Ningeweza. Ingekwisha pale pale. Lakini sikuwa tayari kumwachia mtu asiyemjua Anselmi amfute.

"Tukabidhini," nikasema.

Ijumaa mchana wakatukabidhi. Mvua ilikuwa imeificha milima yote na simu ilikuwa inakwaruza. Nikafungua faili nililonakilia majina yote kumi na sita kama yalivyokuwa, na la Anselmi likiwemo. Siku nne nilikuwa nawalaumu watu wa Dar. Sasa kufuta au kuacha kulikuwa juu yangu.

Na niseme ukweli. Hazikuwa mashine za ng'ambo peke yake. Kila asubuhi tangu maziko, kabla sijafungua hata dirisha, mimi mwenyewe niliketi nikaiuliza ile namba, wewe nani, ili nione jina lake likijibu. Nilimpenda, na uhai wake wote sikumwambia.

Nilifuta herufi moja moja, kuanzia mwisho. Mahali pake nikaandika neno "barua", jina kavu la kazi ya mashine ile, nikaweka ile nukta ya kufunga jina ambayo yeye aliisahau kila mara nami nikamgombeza kila mara. Kisha nikaiuliza namba. Ikajibu: barua. Nililia kwa hasira, na mteja mmoja akauliza kama intaneti imekatika tena.

Jumatatu Mama Bernadeta alirudi na kikapu cha magimbi. Safari hii alikunywa chai. Mpwa amerithi, alisema, na watu walikula wakashiba.

"Na yeye, mama? Amepumzika?"

"Amepumzika." Akaweka kikombe chini, akanitazama. "Alikuja mara moja tu, Ijumaa ile ile. Akasimama mlangoni, akaniuliza, mbona Zuhura haniiti tena?"