Pazia la Hoteli ya Nasima

Nilisimama mlangoni mwa hoteli ile ya Wasomali pale Mwingi nikakataa kuingia. Binti yangu Mutindi akanivuta mkono.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie!"

Ndani kulijaa wanaume. Katikati ya kila meza palikuwa na sinia moja pana, na mikono minne mitano ikiingia na kutoka humo bila mtu kumwomba mwenzake radhi. Wali ulikuwa wa manjano, umelaliwa na miguu ya mbuzi mizima. Sikuwa nimeona chakula kingi namna ile nje ya harusi. Lakini si chakula kilichonigandisha, ni sinia. Nilijua nitakalishwa kwenye sinia kama lile na kijana anayetaka kumwoa Mutindi, nile naye, vidole vyangu vigusane na vyake kwenye wali. Heri nirudi kwetu Zombe na njaa yangu.

Niseme tu ukweli, mimi si mtu rahisi. Waulize wanakwaya wenzangu, watakwambia. Ila hili halikuwa gubu langu. Sisi Wakamba tuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na inakaa kati ya mama na mume wa binti yake. Hawasogeleani ovyo, hawatazamani machoni, na kula pamoja ndiyo kabisa haifikiriki. Mchungaji wetu anasema hayo yalipita na wazee. Sawa, yalipita. Lakini mwili wangu mimi haukuambiwa.

Siku tulipomwoza Kavata, dada yake Mutindi, mume wake Mutisya alinikumbatia mbele ya umati mzima. Mutisya ni Mkamba, mtoto wa papo hapo Zombe, mama yake namjua. Akaniwekea mkono begani, akainua simu juu: "Mathee, selfi!" Watu wakacheka, nami nikacheka, ningefanya nini? Jioni nilikaa kitandani nikalia kama mtu aliyevuliwa leso sokoni. Sasa kama Mkamba mwenzangu alinifanyia hivyo, huyu Mikail, Msomali muuza matangi ya maji, angenifanyia nini?

Na nilikuwa nimekuja na jibu langu tayari. Mutindi alikuwa mwalimu wa chekechea pale Mwingi. Aliponiambia habari za huyo kijana, sikulala. Nilifikiria ngamia wa Wasomali walioingia shambani mwangu mwaka ule wa kiangazi wakamaliza pojo zote. Nilifikiria wajukuu wanaoomba kwa lugha nisiyoielewa, wakinitazama kama mgeni aliyepotea njia. Nikamwambia hapana. Hakubishana. Alisema tu, "Njoo uwaone mara moja, Mama. Ukisema hapana baada ya hapo, nitamwacha. Lakini usiniulize tena habari ya bwana maisha yangu yote." Basi nilikuja niwaone, nikae kidogo, niseme hapana, nipande gari.

"Mama Mutindi! Mbona umesimama juani?"

Ndiye Nasima, mama wa kijana na mwenye hoteli. Mwanamke mrefu, mtandio wa zambarau, viganja vyekundu kwa hina. Alinishika mikono yote miwili na kuniamkia, kisha akatazama nilikokuwa nikitazama, kule kwenye meza za wanaume, akacheka kidogo.

"Ah, si huko. Huko si kwako. Njoo."

Akatupitisha mlango wa pembeni hadi kwenye ujia wenye vyumba vidogo, kila kimoja na pazia zito linalogusa sakafu. Nyuma ya pazia moja nilisikia wanawake wakicheka, watoto wakigombania soda. Akafunua letu. Zulia jekundu, mito ya kuegemea, hakuna kiti hata kimoja. Tuliketi watu watatu, naye akashusha pazia.

Nikangoja. Nilimtazama Mutindi, nikatazama pazia.

"Na kijana?" nikauliza mwishowe.

"Yuko jikoni," Nasima akasema. "Haingii huku."

"Kwa nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Aingie, na mama wa mke wake anakula? Mama yangu mimi, mpaka Mungu akamchukua, mume wangu hakuwahi kumwona akitafuna."

  Nilikuwa nimebeba nthoni yangu kutoka Zombe kama mtu anayepanda gari na kuku, akijua atasumbuka na kusumbua wengine, na kumbe hapa ilikuwa imewekewa chumba chake. Nilimgeukia Mutindi, nikamnong'oneza kwa Kikamba kama ndiye aliyewaambia.

"Niwaambie nini?" akanijibu. "Mimi mwenyewe hayo mambo yenu siyajui vizuri."

 Watu ambao mababu zetu walichungiana nao mipaka kwa mishale, na bado kitu kile kile kilikuwa kikiwatia haya kama kinavyotutia sisi. Nani aliwafundisha? Nani alitufundisha?

Pazia likasogea kidogo. Sinia likaingia kwanza, kisha mikono miwili, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kovu la moto karibu na kidole gumba. Uso haukuingia. Kwenye upenyo niliona kisogo tu, maana alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake.

"Mwaitu," ikasema sauti, "mtusamehe tumekawia."

Mwaitu! Mama yetu, kwa Kikamba safi cha Mwingi, bila kuuma ulimi. Nasima alilipokea sinia, pazia likarudi mahali pake.

Nitakwambia lilikuwa na nini. Wali umetiwa zabibu kavu na iliki, nyama ya mbuzi inayoachia mfupa bila kulazimishwa, pilipili ya kijani kwenye kibakuli, na ndizi mbivu kwa kila mmoja. Nikaisogeza yangu pembeni nikidhani ni ya baadaye. Mutindi akamenya yake, akakata kipande, akakibana ndani ya wali, akatia kinywani.

"Wewe! Ndizi na wali?"

"Jaribu, Mama."

Nikajaribu ili nipate la kusema. Lakini wapi! Utamu ule na ule mchuzi wa mbuzi vilikutana mdomoni mwangu, nikafumba macho. Nasima alicheka mpaka akajishika mbavu.

Ndipo nilipoutazama mkono wa binti yangu. Ulikwenda na kurudi bila kudondosha punje. Alijua pilipili iko wapi bila kutazama. Alikuwa amekula hapa mara nyingi, na mimi nyumbani nikimchemshia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nikidhani nakijua chakula chake. Nikaogopa upya, nikaogopa sana, na hofu ikanitoka mdomoni kabla sijaipanga.

"Nasima, nikija kumwona mtoto wangu, nitafikia wapi?"

"Kwake, kwani wapi?"

"Kwetu mama halali nyumbani kwa mume wa binti yake."

"Najua haya hiyo," akasema, akinichambulia nyama na kuisogeza upande wangu. "Ukija, Mikail atalala dukani na matangi yake. Hata ukikaa mwezi. Na Jumapili Mutindi akitaka kanisa, ataenda, wakijaliwa mtoto nitamshika mimi."

Mungu wangu, alilisema hilo kama mtu anayeeleza chumvi iko wapi. Nilikula. Nilikula hadi chini ya sinia kukaanza kung'aa.

Nje ya pazia mtu akakohoa.

"Mwaitu, umeshiba?"

Alikuwa hatua moja kutoka nilipoketi.  Nilimgeukia Nasima anipitishie maneno, kama walivyopitishiwa mama yangu na mama yake mbele ya wakwe zao.

"Mwambie nimeshiba."

"Anasema ameshiba," Nasima akapaza sauti.

"Mwambie pia," nikasema. "Mwambie kwetu msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua mahari, wafike kwa mama yake. Mwambie Zombe ni mbali na jua la huko si mchezo."

Nasima aliyarudia yote, neno kwa neno, akinitazama machoni.   Kijana akajibu kutoka nje, na safari hii hakusema nami.

"Mama, mwambie Mwaitu mbuzi watatoka kukiwa bado giza, jua lisiwakute njiani."

Mutindi alikuwa ameinamia sinia, analia, na bado anatafuna.