Chakula cha Siku ya Fainali

Projest wa kijiji cha Ndama hakuwa mtu wa michezo. Siku alipoambiwa kwamba binti yake Eustadia ni kapteni wa mpira wa kikapu katika Chuo cha Ualimu Ruhita, aliuliza swali moja tu: akiwa anacheza, anasoma saa ngapi? Akajibiwa kwamba anasoma vizuri. Akaendelea kukata majani makavu ya migomba yake.

Lakini Agosti ya mwaka themanini na sita mashindano ya vyuo vya ualimu vya kanda ya ziwa yaliletwa Ruhita kwenyewe, ng'ambo ya bonde tu kutoka Ndama. Projest alikwenda siku ya kwanza ili asije akasemwa. Aliaga kwamba mchana atakuwa amerudi kugeuza kahawa iliyoanikwa. Alirudi jua linazama, na kahawa ilikuwa imegeuzwa, imekusanywa na kufunikwa na mkewe, Laurensia, peke yake.

"Umeona nini huko kilichokushika miguu?" Laurensia alimuuliza.

"Nimemwona mwanao. Laurensia, yule mtoto ana macho kisogoni."

"Nimemzaa mimi. Macho yake yako mbele."

"Basi kaongezewa chuoni."

Akasimama pale pale jikoni, akainama, akadunda mpira ambao haukuwepo, akageuza uso kushoto na kuutupa mpira huo kulia, hadi Laurensia akakwepa. Ndivyo alivyofanya Eustadia mbele ya watu wote. Alikuwa akimtazama huyu, mpira unamfikia yule, na wale waliokuwa wakimkaba wanabaki wameshika hewa.

Siku ya pili Projest hakwenda peke yake. Alimchukua shemeji yake, Hategekimana, mtu mwenye asili ya Rwanda aliyekuja Karagwe kijana akichunga ng'ombe wa watu, akamwoa dada yake Projest, na sasa alikuwa na zizi lake mwenyewe. Walikaa kwenye majani kando ya uwanja wa saruji, na Hategekimana akaanza.

"Shemeji, mbona anaupigapiga chini? Si aushike akimbie nao?"

"Ni sheria. Ukitembea nao bila kuudunda, refa anapuliza."

"Na yule mrefu aliyesimama chini ya chuma anafanya nini?"

"Anasubiri."

"Kazi hiyo naiweza."

"Wewe huwezi hata kusubiri uji upoe."

Kufikia siku ya tatu, Hategekimana alikuwa akimgombeza refa kwa lugha tatu, Kiswahili, Kinyarwanda na Kinyambo, na Projest alikuwa anawaeleza majirani waliokuja naye hatua ngapi zinaruhusiwa na kwa nini kikapu kimoja ni pointi mbili. Lakini jicho lake lilikuwa kwa mtu mmoja. Nyumbani Eustadia alikuwa binti wa kimya, anayepita pembeni ya watu akitazama chini. Uwanjani aliinua kidole kimoja na watu wanne wakahama mahali walipokuwa. Siku moja alisukumwa akaanguka, kiwiko kikachunika ngozi. Aliinuka, akamtazama yule aliyemsukuma, akampa mkono, kisha akaenda kumfunga vikapu viwili mfululizo. Projest alijikuta amesimama, kofia iko mkononi, na hakukumbuka aliivua saa ngapi.

Ruhita wakashinda, wakashinda tena, wakaingia fainali. Wapinzani walikuwa wasichana wa chuo kimoja kutoka Mwanza, waliokuwa wamezoea kulichukua kombe hilo kila mwaka kama mtu anavyochukua jembe lake nyuma ya mlango. Ruhita hawakuwahi kulishika. Na Eustadia alikuwa anamaliza chuo mwaka huo. Kabla ya Krismasi angepangiwa shule ya kufundisha. Kwake ilikuwa Jumamosi hiyo au basi.

Ijumaa jioni Projest alimfuata mwalimu wa timu, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, jina lake Dafroza.

"Mwalimu, kesho nataka kuwakaribisha watoto chakula kwangu."

"Asante sana, Mzee. Labda baada ya mechi."

"Baada ya mechi, wakishindwa, nitakuwa nalisha waombolezaji. Waje kabla."

Dafroza alisita. Alikuwa mtu wa Bukoba, alijua uzito wa kumkatalia mzazi mwaliko. "Basi, saa tano asubuhi. Lakini kidogo tu, Mzee. Kidogo kabisa."

"Kidogo," Projest akakubali, akaondoka amefurahi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Huku Karagwe hakuna mgeni aliyewahi kusema nipeni kingi. Mgeni husema kidogo, husema nimekula nilikotoka, husema nimeshiba. Na mwenyeji mwenye akili zake hujibu kwa kuongeza. Anayempa mgeni kidogo kwa sababu mgeni kasema kidogo, habari zake zinafika Bweranyange kabla ya jua kuzama. Projest alisikia adabu ya mwalimu, akaipenda, akaenda kuchinja mbuzi.

Kesho yake wasichana walifika wamevaa sketi za chuo, wakasalimia shikamoo kwa zamu, wakaketi kwenye mikeka. Majani ya migomba yakatandazwa katikati. Laurensia na wanawake wa jirani wakamwaga juu yake ndizi zilizopikwa na maharage, mvuke ukapanda hadi darini. Ikaja nyama. Hategekimana akaingia na vibuyu viwili vya maziwa ya mgando, akavitua chini kama mtu anayetua mahari.

Eustadia alimsogelea baba yake mlangoni. "Baba, tuna mechi saa tisa."

"Ndiyo maana mnakula. Mtakimbia na nini, na upepo?"

Eustadia aliutazama ule mlima wa ndizi. Akawatazama wenzake, waliokuwa wanamtazama yeye. Kisha akaketi, akanawa mikono, akasema, "Karibuni. Huyu ndiye baba yangu." Akawa wa kwanza kumega.

Wakala. Kila jani lilipoanza kuonekana, Projest aliita kuongezwe. Dafroza aliinua mkono akasema wameshiba, kwa kweli wameshiba.

"Mwalimu, umelelewa vizuri," Projest alimwambia, akaashiria sufuria ya pili.

Mechi ilianza na jua kali. Ndama nzima ilikuwa pale, na watu wengine walikuwa wametoka mbali, hata Kaisho. Haikuchukua muda Projest akaona kuna jambo. Wasichana wa Mwanza, ambao asubuhi walikunywa chai na andazi, walikuwa wanapaa. Wa Ruhita walikuwa wanakimbia kama watu wanaovuka mto, maji yamewafika kiunoni. Mpira ulirushwa mbele, hakuna aliyeufikia. Beki wao hodari, msichana mwembamba aitwaye Therese, alisimama ghafla katikati ya uwanja, akaziba mdomo kwa mkono, akakimbilia kwenye miti ya kahawa ya chuo, akainama.

"Huyo anarudisha maziwa yangu," alisema Hategekimana.

"Nyamaza."

"Shemeji, nasema ninachokiona. Ile mbuzi bado inatembea matumboni mwao."

Mtu mmoja nyuma yao, aliyekuwa hajui anamsema nani, akauliza kwa sauti: "Hivi hawa watoto wamelishwa na nani leo?" Watu wakacheka. Projest hakugeuka. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Ruhita walikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne. Projest alivaa kofia, akainuka aondoke. Hakutaka kuona mwisho wa kazi yake. Eustadia alimwona, akavuka uwanja akiwa ameshika ubavu.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Kwa nini hukukataa kile chakula?"

"Mbele ya wenzangu? Nyumbani kwako?" Alikuwa anahema. "Nilijua, Baba. Sote tulijua. Rudi ukae."

"Eustadia..."

"Ukiondoka watajua ni wewe. Kaa."

Hakuwahi kuamriwa na mtoto wake. Akakaa.

Kipindi cha pili Dafroza aliwabadilisha kabisa. Aliona kwamba miguu haipo, akaamua kutumia vitu vingine. Wakati wa kukaba, wasichana wake hawakumfuata mtu. Walijipanga chini ya kikapu, mikono juu, kama nguzo za zizi, wakawaacha Mwanza wazunguke nje wakitafuta mlango. Na mpira ukiwa wao, Eustadia alitembea. Alidunda polepole, kimo cha goti, akipanda uwanja kama mtu anayekwenda kanisani mapema. Sekunde thelathini walizoruhusiwa kukaa na mpira alizitumia karibu zote. Mwanza walikuja juu kumnyang'anya, akawageuzia mgongo. Wakaja wawili, akapitisha mpira katikati yao bila kuwatazama, na aliyeupokea alikuwa peke yake.

"Mpira ndio unakimbia," Projest alisema. "Wao wamesimama."

"Kama mimi na ng'ombe," Hategekimana akajibu. "Mchungaji mwenye akili hakimbii. Anasimama pale ambapo ng'ombe atakuja."

Mbio za Mwanza zikaanza kuwageukia. Jua liliwachoma, walikimbia na hawakumkuta wa kukimbizana naye, wakaanza kurusha mipira kwa hasira kutoka mbali. Pointi kumi na nne zikawa tisa. Zikawa tano. Halafu Therese akarudi uwanjani, macho mekundu, amefuta mdomo kwa sketi. Katika timu nzima alikuwa mtu pekee mwenye tumbo tupu, na sasa alikuwa anaruka kama ndama aliyefunguliwa. Aliunasa mpira wa Mwanza, akakimbia nao hadi mwisho, akaweka kikapu hakuna aliyemkaribia. Watu wa Ndama wakapiga vigelegele. Wanaume wazima walikuwa wanakumbatiana na watu wasiowajua.

Dakika za mwisho Ruhita walikuwa mbele kwa pointi moja. Hapo msichana mrefu wa Mwanza akaja kwa kasi yote iliyobaki, na Eustadia akasimama mbele yake. Angeweza kusogea. Miguu ilichelewa kidogo tu, kiasi cha kijiko, wakagongana. Refa akapuliza. Faulo ya tano. Alipaswa kutoka.

Hakumtazama refa vibaya. Alimwinua yule msichana, akampa mpira mkononi, akatoka nje na kuketi chini mbele ya miguu ya baba yake, maana benchi lilikuwa mbali na hakuwa na nguvu ya kulifikia. Msichana wa Mwanza akarusha mitupo yake miwili ya adhabu. Yote ikaingia. Therese akajaribu mara moja, kutoka mbali, muda unaisha. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukaamua kuanguka nje.

Pointi moja.

Kilichofuata Projest alikisimulia miaka mingi. Wasichana wa Ruhita hawakulala chini wakalia, ingawa wawili machozi yaliwatoka. Eustadia aliinuka kwa kushika goti la baba yake, akawakusanya wenzake, akawapanga mstari, wakapita kuwapa mikono Mwanza mmoja mmoja. Na kapteni wa Mwanza, kombe mkononi, alimkumbatia akamwambia kwa sauti ambayo watu walisikia: "Dada, mngetukimbiza kipindi cha kwanza kama mlivyotusimamisha cha pili, tungerudi nyumbani tumepakiwa kama magunia." Hategekimana alivua kofia yake. "Nimechunga maisha yangu yote," alisema, "sijaona kitu kama hicho."

Dafroza alimruhusu Eustadia kwenda kulala nyumbani. Walishuka bondeni baba na mwana. Miguu ya Eustadia ilikuwa imevimba, akavua raba, na Projest akazichukua kabla hajaombwa. Walipokaribia mto, Projest alisema.

"Mimi ndiye niliyewafungisha."

Alingoja. Alijua jibu ambalo mtoto mwenye adabu humpa baba yake, na alikuwa ameshajiandaa kulipokea.

"Ndiyo, Baba," alisema Eustadia.

Wakatembea. Projest alishangaa kwamba neno hilo halikumuuma alivyotegemea. Lilikuwa neno ambalo mtu humwambia mwenzake aliyefanya naye kazi moja. Hakuwahi kuambiwa hivyo na yeyote nyumbani mwake, na aliona kwamba binti huyu, popote watakapompeleka kufundisha, watoto wa huko watapata mtu.

"Ule mguu wa mwisho," Projest alisema baadaye, "ungeuwahisha kidogo..."

"Ningeuwahisha kama ungekuwa wangu peke yangu. Ulikuwa umebeba na mbuzi."

Projest alicheka hadi akasimama.

Watu wa Ndama walikuwa wanawapita wakirudi makwao, wanaume kwa wanawake, wengine wakubwa kuliko yeye. Kwa kawaida yao, mtu akikutana na baba na mwana njiani, humsalimia baba kwanza. Jioni ile walimpita Projest kama mti, wakamshika Eustadia mkono. "Wakora, mwalimu," walimwambia kwa Kinyambo, kumshukuru kwa kazi. "Wakora, wakora." Ndipo wakageuka kumsalimia mzee aliyekuwa nyuma yake, ameshika raba mbili zenye vumbi, naye aliwaitikia wote vizuri.