Saba Bila Kibwebwe

Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Ting, ting, ting. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, Visiga yote imelala, na kijiko kinakoroga. Bi Sikudhani alifumbua macho. Mjukuu wake Mwanaasha hanywi chai ya sukari. Anayekoroga chai isiyo na sukari ana jambo.

Alijifunga khanga akaenda mezani. Mwanaasha alikuwa ameinamia kompyuta, pembeni kitabu cha kumbukumbu za injini alichotoka nacho ofisini, kwenye kampuni ndogo ya ndege huko Dar.

"Shikamoo bibi. Nimekuamsha."

"Marahaba. Aliyeniamsha ni kijiko. Haya, nini?"

Mwanaasha alisugua macho. "Kiwanda kikiona kasoro kwenye injini zake kinatoa waraka wa ushauri. Wakubwa wa usafiri wa anga wakiona kasoro hiyo inaweza kuua, wanatoa agizo. Ushauri unaweza kusubiri. Agizo halisubiri, ndege hairuki mpaka litimizwe."

"Ushauri wa shoga na amri ya mama."

"Hivyo hivyo!" Mwanaasha alicheka kidogo. "Sasa kuna gia ya pampu ya oili. Mwaka jana ilikuwa ushauri tu, juzi imekuwa agizo. Gia zenye namba kuanzia 4100 hadi 4200 zitolewe zote. Ya kwetu ni 4732, haimo. Nikiandika haimo, saa sita mchana ndege inakwenda Mafia na watu tisa."

"Basi andika."

"Nimeandika mara mbili, nikafuta. Hii saba imekaa vibaya, na ukurasa mzima hauna saba nyingine ya kulinganisha."

Bi Sikudhani alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa. Kidole kikasimama kwenye namba, kikashuka hadi kwenye jina la fundi. Telesphory.

"Hii si saba," alisema. "Ni moja."

"Bibi, ona mkono wake ulivyo mrefu."

"Moja zake zote zina mkono. Saba yake anaifunga kibwebwe, kamstari hapa kiunoni. Saba bila kibwebwe ni moja. Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika, Mwanaasha."

Mwanaasha aliupiga picha ule ukurasa. Kisha akampigia bosi wake, Lusajo, akaomba ndege isiruke kwanza.

"Una ushahidi gani?"

"Bibi yangu."

"Nipe wa karatasi kabla ya saa sita," Lusajo akasema.

Kulipokucha, jirani yao Maulidi aliwasha gari bila kuuliza maswali, akamwekea Bi Sikudhani mto mgongoni. Walikata kona ya Kiluvya wakaelekea Kisarawe, alikohamia mwalimu baada ya kustaafu. Njiani Bi Sikudhani alikuwa mbali, kwenye ghala la korosho lililogeuzwa darasa la kisomo cha watu wazima. Kijana fundi wa ndege, mtu wa Bukoba, alikuwa akitoka kazini Dar na oili kwenye kucha, anashika chaki. Mtoto wa Sikudhani alilia kila siku. Wengine waliguna. Yule kijana alimchukua, akamweka begani, akaendelea kufundisha huku anambembeleza, ili mama yake apate mikono miwili ya kuandikia.

Walimkuta barazani anamenya mihogo. Mzee mwembamba, kucha safi sasa.

"Hodi! Shikamoo mwalimu."

"Marahaba... mwalimu? Nani huyo ananizeesha?"

"Saba bila kibwebwe?"

Kisu kikasimama. "Ni moja," akajibu polepole. "Sikudhani! Sikudhani wa mtoto mlizi!"

Alipoonyeshwa picha ya ukurasa, aliweka kisu chini. Aliingia ndani, akatoka na daftari lililofungwa kwa uzi. Kila kifaa alichowahi kufunga kilikuwa humo, namba zake kwa maneno. Alipekua hadi mwaka wake wa mwisho kazini, akasoma kwa sauti: "Gia ya pampu. Elfu nne, mia moja na thelathini na mbili."

Mwanaasha alipiga picha, akaituma. Ilikuwa saa tano kasoro. Lusajo akajibu: ndege imesimama, injini inafunguliwa.

"Kosa ni langu, mjukuu wangu," mzee alisema. "Kitabuni ningeandika kwa maneno pia."

"Babu, ungeandika ovyo na kwenye daftari, leo ningesema nini?"

Mihogo ilipoiva, akawagawia vipande vya moto, cha Maulidi kikubwa kuliko vyote. Walipoaga, aliwasindikiza hadi garini, akashika mlango.

"Yule mtoto mlizi yuko wapi?"

"Mwanangu Zaidi? Ndiye baba wa huyu. Ana mvi."

Mzee alicheka hadi akajifuta macho. Mlango hakuuachia.

"Njoo tena, Sikudhani. Na mlete Zaidi, nione bega hili lilimlea nani. Mtakuja?"