Mvumo wa Mashine ya Baba

Bendi ilitafuta mpiga besi wa kudumu, wa kulipwa mshahara kila mwezi, si wa kuokotwa siku ya harusi na kusahaulika kesho yake. Waliojaribu walikuwa wengi. Walibaki wawili: kijana mwenye gitaa linalometameta, na binti wa mwenye mashine ya kusaga, ambaye hata aoge vipi hakukosa unga masikioni. Wanabendi walimwita Pumba. Alicheka nao, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Baba yake aliyaita magitaa kazi ya wasio na kazi, na alisema hivyo kwa kupiga kelele, kwa sababu miaka ishirini kando ya mashine humsahaulisha mtu kunong'ona. Hata hivyo walikubaliana. Pumba akiipata nafasi, aende kwa baraka zote. Akiikosa, gitaa linauzwa, anarudi kusaga, na neno gitaa lisisikike tena nyumbani.

Kila asubuhi, baba alipowasha mashine ikavuma tupu kabla ya kumiminiwa nafaka, Pumba alikaza uzi wa tatu wa gitaa hadi ukalingana na ule mvumo, kisha akazipanga nyuzi nyingine kwa huo. Ndivyo alivyojifunza, na mashine haikuwahi kumwaibisha. Asubuhi ya majaribio ya mwisho alifanya vilevile.

Wimbo haukufika mbali. Mpiga kinanda alikunja uso kama aliyetafuna mchanga, na kiongozi wa bendi akainua mkono.

"Dada, hivi gitaa umelipanga kweli?"

"Nimelipanga, kaka. Asubuhi hii hii."

"Uko chini. Nyuzi zote ziko chini. Kinanda hakidanganyi."

Yule kijana mwingine akatazama dari, tabasamu likimponyoka. Pumba alitamani ardhi immeze. Akashika kikazio cha uzi, mkono ukagandia hapo hapo. Nyuzi zikilegea, kila mmoja hulegea kivyake. Hizi zilipatana zenyewe kwa zenyewe. Basi hakukosea yeye. Iliyoshuka ni mashine.

Mashine inayozunguka taratibu kuliko desturi ina mkanda unaoteleza, na mkanda unaoteleza hujila wenyewe mpaka ukatike. Kifuniko cha mkanda ule kilivunjika zamani. Na baba huketi wapi? Kwenye kigoda, ubavuni mwake, kutwa nzima.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nani asikie simu ndani ya kelele ile?

"Kaka, naomba nitoke. Baba yangu yuko hatarini."

"Ukitoka mlango huo, nafasi nampa mwenzio."

Akatoka. Gitaa aliliacha sakafuni, limechomekwa kwenye spika.

Alikimbia hata kandambili moja ikabaki mbele ya duka la vioo, wala hakuigeukia. Alimkuta baba kigodani, debe mapajani, wateja kwenye foleni. Akapiga ukelele. Baba akamwashiria asubiri. Asubiri nini! Alimkamata ukosi wa shati akamvuta, na mzee mzima akabwagwa juu ya magunia mbele ya wateja wake.

"Umerukwa na akili?" baba alifoka, na hapo ndipo mkanda ulipokatika. Ulilia mlio mmoja tu, ukaruka, ukakipiga kigoda kikawa vipande viwili. Kimoja kikatupwa hadi barabarani.

Mama mmoja wa kwenye foleni aliketi chini na ndoo yake. Mtu akazima swichi. Baba akakitazama kigoda, akajipapasa kiuno kama anayehakikisha bado ni chake.

"Umejuaje?" aliuliza, na Pumba alishtuka tena, kwa maana baba alinong'ona.

"Gitaa lilikuwa chini, baba."

Akamweleza. Mzee akakitazama tena kigoda.

"Na ile nafasi?"

"Nimeikosa."

Kiongozi wa bendi akatokea mlangoni na gitaa mkononi. Alikuja kutoa ya moyoni, kwamba mpigaji wa kweli hatupi gitaa sakafuni. Akaona kigoda, akauliza kumetokea nini. Wateja walimsimulia wote kwa pamoja.

"Hebu lipange," alisema hatimaye. "Hapa hapa, nisikie."

Pumba akalipokea, akaweka shavu kwenye ubao wake, akagusa uzi wa tatu. Kimya. Maishani mwake hakuwahi kulipanga gitaa mashine ikiwa kimya.

"Siwezi," alisema, machozi yakimtoka. "Sina pa kuanzia."

Basi mzee yule yule wa kazi ya wasio na kazi akajiinua juu ya magunia, akafumba macho, akafunga mdomo, akaanza kuvuma. Haukuwa wimbo. Ilikuwa mashine yake, kama ilivyokuwa kabla mkanda haujalegea, ilivyomkaa kifuani miaka yote ile. Pumba akakaza uzi mpaka ukakutana na baba yake, kisha akazipanga nyingine.

Kiongozi akatoa mfukoni kidude cha kupimia sauti, akakibandika kwenye gitaa. Akakitazama. Akakifuta vumbi, akakitazama tena.

"Kesho saa nne asubuhi," alisema. "Usichelewe kazini."

Baba hakumsikia. Alikuwa bado anavuma.