Upande wa Dirishani

Fundi magodoro, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, aliwachukia wakubwa wa hospitali wote kwa mkupuo. Mkewe alipokuwa akivuja damu baada ya kujifungua, daktari mkuu alikuwa mkutanoni. Mkutano ulipokwisha, mke naye alikwisha. Sponji akarudi nyumbani na mtoto wa kike mkononi.

Sasa mtoto alikuwa na miezi minne, na kisogo chake kilikuwa kimebonyea upande mmoja kama mto uliokaliwa. Mama mkwe ndiye aliyegundua.

"Baba, huyu unamlea au unamhifadhi?" aliuliza. "Unamlaza siku nzima kama gunia. Nikirudi mwisho wa mwezi kichwa kiko hivihivi, nambeba."

"Mama, sisi hatuna shida..."

"Sisi nani? Mko wawili tu humo ndani!"

Sponji hakulala vizuri. Kulipokucha akakata sponji laini, akaitoboa katikati, akashona kimto cha duara ili kisogo kikae kwenye tundu. Akakipeleka kliniki kifua mbele. Muuguzi akakibonyeza mara moja, akakiweka kando.

"Kimto hapana, baba. Akigeuka kitamziba pumzi."

"Mama yake mmemmaliza, sasa mnaninyang'anya hata sponji?"

Muuguzi alipapasa kichwa cha mtoto, akaigeuza shingo taratibu, huku na huku. "Mifupa salama, shingo salama. Akilala chali anatazama wapi?"

"Ananitazama mimi. Amtazame nani mwingine?"

"Basi ndiyo hivyo, analalia upande mmoja. Akiwa macho mpakate, mlaze kifudifudi ukiwa naye. Akilala, chali vilevile, ila uwe upande wa pili."

Kitanda kidogo cha mtoto kilibanwa ubavuni mwa kitanda kikubwa, upande wa mlangoni, anakolala Sponji. Kwanza alimgeuza mtoto tu, kichwa kikaenda kunakokaa miguu. Mtoto akajikuta ana kwa ana na nyayo za babaye, akaangua kilio.

"Hata mimi ningelia," Sponji akamwambia.

Ilibaki njia moja, kukihamishia kitanda kidogo upande wa dirishani, naye ahamie huko. Huko ndiko alikolala mkewe. Tangu mazishi hakupagusa. Godoro alilishona mwenyewe, na pale pembeni bado lilikuwa na kishimo cha nyonga ya mkewe. Sponji aliijua kazi yake: sponji hushika umbo la aliyelala mwisho. Siku mbili akazunguka chumbani akiwatukana wakubwa, mmoja baada ya mwingine, hadi matusi yakamwishia.

Alasiri moja akakivuta kitanda kidogo, akajilaza pale dirishani na viatu vyake, kama mgeni. Mtoto akamtafuta upande ule wa zamani, akakuta ukuta. Akahangaika kidogo, kisha kichwa kikageuka polepole mpaka macho yakamwona baba. Akacheka ufizi mtupu. Sponji akajifunika uso kwa mkono, akalia kama aliyepigwa.

Mama mkwe alirudi na begi kubwa, tupu. Akapitisha kiganja kwenye kisogo, mara mbili, kama anayetafuta kasoro.

"Bado hakijawa duara."

"Muuguzi kasema kinajaa, mama. Ila ni kazi ya miezi."

Akachungulia chumbani, akaona mahali pa binti yake pamelaliwa. Akaketi ukingoni, mtoto kifuani.

"Basi abaki," akasema, lakini hakumwachia. "Nilishamtandikia, baba. Kilekile chumba cha mama yake."

Sponji akafungua mdomo awataje wakubwa, kama kawaida yake. Hakuna aliyemjia ulimini. Akaenda jikoni kuinjika chai, akamwacha mama mkwe na mjukuu wake muda wote alioutaka.