Kilo Sita Zilizojificha Kinyangiri

Loyce, mtaalamu wa kompyuta, alipofungua mashine yake kwenye ghala la alizeti la ushirika wa Kinyangiri, mizani mpya ilikuwa imeshapima magunia mia mbili bila kukosea. Wakala Nathan, aliyeileta, aliegemea mlango akitafuna karanga.

"Dada, mia mbili hazitoshi?"

"Hazitoshi, kaka. Gunia la mia mbili na moja je?"

Badala ya kuendelea kubeba magunia, Loyce alichukua mchoro wa saketi ya chipu ya mizani, ambao ushirika uliudai kabla ya kuipokea. Akaiandikia kompyuta sharti moja: namba ya kwenye kioo ilingane na uzito, siku zote. Kisha akaiagiza ipitie kila hali ambayo saketi inaweza kufikia, ithibitishe kihesabu au imwoneshe sharti linapovunjika.

Saa tano jibu likaja. Loyce akaangua kicheko. Ndani ya chipu mtu alikuwa amepachika kipande cha ziada. Ukipima kilo 94, halafu 31, halafu 94 tena, kinaamka. Tangu hapo kila mzigo unakatwa kilo sita.

"Nani atapima hivyo?" Nathan aliuliza.

"Anayejua, akitaka kuwapunja wakulima."

Wanachama wakataka kuona kwa macho. Beberu wa Mzee Alute akapatikana na kilo 31 kamili. Lakini cha kilo 94 hakikuwapo; magunia yote yalikuwa yameshashonwa kwa kilo sabini. Macho yakamgeukia mwenyekiti, Mama Damari.

"Sipandi," akasema.

"Shikamoo tena, mama," Loyce akambembeleza.

"Marahaba. Na sipandi."

Mwishowe akapanda, wanaume wote wakiwa wamegeukia ukutani. 96. Akavua viatu, akaweka chini funguo za ghala. 94. Beberu akapandishwa, akilalamika kwa sauti. 31. Akarudi Mama Damari. 94. Akashuka, akapanda tena: 88!

Mama Damari akainama kuisoma ile namba.

"Hii ndiyo mizani ya kwanza kuniheshimu," akasema. Ghala zima likalipuka kwa vicheko. "Haya, Nathan, ifunge irudi ilikotoka."

Nathan aliapa kwamba hakujua. Wengine walimwamini, wengine wakaguna.

Baada ya wiki mbili alileta mizani nyingine, na mchoro wake. Safari hii alikaa kando ya Loyce, akiuliza maana ya kila mstari. Kompyuta ilipothibitisha kwamba sharti halivunjiki popote, yeye ndiye aliyeruka juu kuliko wote.