Kinatisha

Mchinjaji alipoingia maktaba mchana ule, damu ya ng'ombe ikiwa bado imemganda kwenye kucha, alikuta rafu ya vitabu vya kutisha tupu kama fizi za kibogoyo.

"Vimepelekwa uani, shemeji," alisema fundi cherehani, shoga wa marehemu mkewe. "Mkuu mpya wa maktaba kaamuru vichomwe. Eti wasomaji wamelalamika."

"Nani kalalamika?"

"Sisi."

Ilikuwa hivi. Ndani ya jalada la kila kitabu palibandikwa kikaratasi, na aliyekimaliza alimwachia mwenzake neno la kumpendekezea. Mtindo huo aliuanzisha mke wa mchinjaji. Ndiye pia aliyemfundisha mumewe kusoma, maana mume shule aliiacha darasa la tatu, na alimfundishia hadithi za wauaji na mizimu kwa sababu nyingine zote zilimletea usingizi. Mchinjaji alipendekeza kwa jicho la kazi yake. "Mwandishi huyu anaijua damu," aliandika, au, "Huyu hajaona koo likikatwa. Halipigi kelele, linakoroma." Lakini mkewe kila alichokipenda alikiandikia neno moja: Kinatisha! Kama mtaani wanavyosema kiatu kinatisha, gari linatisha, yaani hakuna mfano. Wasomaji wote wakamwiga. Mkuu, mtu wa suti na vyeti vya kujaza ukuta, alivipitia vikaratasi akaona malalamiko matupu.

"Msomi mzima, Kiswahili kimempiga chenga!" alisema fundi.

Mchinjaji alicheka, kisha akakumbuka. Mwandiko wa mkewe haukuwepo mahali pengine popote ila kwenye vikaratasi hivyo. Na kitabu cha mwisho mkewe alichokisoma hospitalini, mchinjaji hakuwa amepata moyo wa kukifungua. Mkewe alikufa kwa kukosa damu, kwa sababu mganga mkuu alikwenda mkutanoni na ufunguo wa friji ya damu mfukoni. Mke wa mtu ambaye kila siku alisukumia damu mtaroni kwa mpira wa maji! Hakuna mkubwa aliyeulizwa hata swali.

Akatoka mbio.

Uani pipa lilikuwa likiwaka. Mlinzi alitupa vitabu viwili viwili. Mkuu alisimama kando, leso puani.

"Mzee, rudi ndani, utakauka kama samaki," mlinzi alisema.

Mchinjaji alikiona kitabu kile mkononi mwa mlinzi: jalada jeusi, mgongo uliozibwa kwa plasta ya hospitali. "Hicho nipe."

"Amri ni vyote," Mkuu alisema. "Watu wamechoka kutishwa."

Kitabu kikaruka. Mchinjaji akatumbukiza mkono pipani hadi kwenye kiwiko. Rungu la mlinzi likamshukia mbavuni, ubavu ukalia kama ukuni mkavu, hakuachia. Akageuka, akampiga mlinzi kichwa cha mdomo, naye akaenda chini akitema meno. Kisha kwa mkono mzima akamkamata Mkuu tai, kama ndama kamba, akamwinamisha juu ya pipa.

"Soma!" Kwa vidole vilivyochunika alifunua jalada, akamsogezea kikaratasi. "Kwa sauti!"

Nyusi za Mkuu zikaungua. Kidevu kikagusa ukingo wa pipa, na ngozi ikabaki pale. "Ki... kinatisha!"

"Maana yake?"

"Kinaogofya!"

"Kosa." Akamkandamiza tena, ukelele ukafika barabarani.

Fundi cherehani akamng'ang'ania shati. "Shemeji, basi! Utaua!"

"Wao wameua kwa ufunguo tu."

Lakini alimwachia. Akaketi chini, mkono ukivuja maji na damu, akampa fundi kitabu. "Chini ya hapo pameandikwa nini? Moshi umeniziba macho."

Fundi akasoma. "Mume wangu, hiki usikisome peke yako. Nisubiri."

Nyuma yao Mkuu alikuwa akitambaa kuelekea mlangoni, akiita askari.

"Wanakuja, shemeji."

"Najua. Kaa hapa. Anza ukurasa wa kwanza, usome haraka."